Mama Watatu wa Keki Moja

Wiki iliyopita katika safu hii niliwaacha mkinicheka, na mlikuwa na haki. Tulikuwa tumeuza kiyoyozi.

Hapa Mexicali, mji wa jangwani Meksiko, mwezi wa saba, mtu huuza kitanda, huuza mlango, huuza hata kura yake. Kiyoyozi hakiuzwi. Sisi tulikiuza, tena kwa mwanamume ambaye hakuomba punguzo kwa jinsi alivyotuonea aibu. Kesho yake kiyoyozi chote kilikuwa kimeshaingia mshipani, na sisi tumelala sakafuni kama samaki wa kukaushwa, tukigombana nani ainuke akachote maji.

Na kazi ya Osmar, mkumbuke, ilikuwa ufundi wa viyoyozi.

Kwa mliochelewa: mimi ni Yareli. Nilikuwa msusi, na nilikuwa na akili. Osmar alikuwa kijana mwenye pikipiki na kucha safi. Tukapendana, tukahamia pamoja bila padri wala hakimu, tukaonja unga siku ya sikukuu kwa sababu rafiki yetu mmoja alisema mara moja haidhuru. Rafiki huyo leo ana nyumba ya ghorofa. Sisi tulibaki na sakafu.

Msomaji mmoja ameniandikia: "Dada Yareli, kisa chenu ni kama filamu." Asante, dada. Filamu za mapenzi ya mateja nimeziona. Msichana ana macho makubwa, analia chozi moja, kijana anamfuta kwa kidole gumba huku kinanda kinapigwa. Hakuna anayeharisha. Mimi nilikuwa naharisha, Osmar anaharisha, na choo kilikuwa kimoja. Hayo ndiyo mapenzi mnayoyaonea wivu.

Tulikuwa na kiapo kimoja tu ambacho tulikuwa hatujakivunja. Tuliapa kwamba hakuna atakayemtoa mwenzake kwa watu wa soba.

Soba za kwetu, hizo nyumba za kuwaachisha mateja unga, mtu haendi kwa miguu yake. Ndugu zako wanapiga simu, linakuja gari, wanaume wanne wanakubeba kama mbuzi wa sherehe, halafu unafungiwa ndani mpaka wao waamue umepona. Wengine hutoka wamenenepa na kumshukuru Mungu. Hilario, binamu yake Osmar, alitoka ndani ya jeneza, na hadi leo hakuna aliyeeleza kilichomuua. Kwa Osmar walikuja mara mbili. Mara mbili aliruka juu ya mapaa kama paka, nao wakabaki wamesimama chini wakitukana.

Sasa tuendelee na sakafu yetu.

"Tuoane," Osmar akasema, amelala kifudifudi.

"Una homa."

"Nisikilize, mwanamke. Harusi hulipwa na nani?"

Nilishaelewa, na nikaona haya kwamba sikuwaza mimi kwanza.

Kwetu harusi haina mwenyewe. Kila kitu kina mzazi wake. Gauni lina mama, pete zina baba, muziki una baba, hata puto zina mama. Unamwendea ndugu yako, unamwambia, "Nakuomba uwe mama wa keki yangu," naye analia, anakukumbatia, na hana njia ya kukataa. Anayekataa hulaaniwa na ukoo mzima, na harusi ikivunjika baadaye atasingiziwa yeye.

"Lakini wao hununua kitu chenyewe," nikasema. "Hawatoi pesa."

"Tutasema tuna rafiki anauza kwa bei nafuu. Watupe mkononi."

"Na siku ya harusi?"

"Siku ya harusi iko mbali."

Hiyo ndiyo elimu yote ya teja. Mtu akikuuliza teja anajua nini, mwambie hivyo.

Tulianza na Shangazi Obdulia, dada wa baba yake Osmar, mshonaji, mjane, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Osmar akapiga goti mlangoni. Mimi nikatazama chini kama bikira.

"Shangazi, tumekuja na heshima zetu. Tunaomba uwe mama wa keki yetu."

Shangazi akaweka mkasi chini.

"Mmeacha ule upumbavu?"

"Tumeacha, shangazi."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la baba."

"Kaburi lipi? Baba yako yuko Tijuana na mwanamke wa tatu."

"Naapa kwa kaburi atakalozikwa."

Nilidhani atatufukuza kwa ufagio. Badala yake machozi yakamlengalenga, akamshika Osmar kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayechagua tikiti, akambusu kwenye paji la uso. Halafu akaingia ndani, akatoka na noti zilizokunjwa.

Tulipofika kwenye kona Osmar alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Mimi nilicheka pia. Msinihurumie mapema, nilicheka kwa sauti.

Juma lile lile tukamwendea Delfina, mama yangu mdogo, ambaye hajawahi kupata mtoto na hulia hata akiona harusi ya mtu asiyemjua. Nilikuwa nimepanga kumwomba awe mama wa gauni. Nilipofungua mdomo, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilikuwa imenipanda mpaka mifupa inaniwasha, na nilikuwa sijala tangu jana yake. Likatoka neno keki.

Kisha Bi Casimira, jirani yetu wa zamani, aliyemsimamia Osmar ubatizo. Kwake tulikwenda kuomba muziki. Osmar akaanza vizuri, akajikuna shingo, akasahau amefika wapi, akanitazama nimsaidie.

"Keki," nikasema. "Tunaomba uwe mama wa keki."

Nje Osmar akanivuta mkono. "Mjinga wewe! Keki tena? Kwa nini husemi maua?"

"Maua hayaliwi."

"Keki nayo hatutaila!"

Alikuwa sahihi, na hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Mnajua wenyewe kwamba wanawake wa parokia moja hukutana, kama si harusini basi msibani. Mzee mmoja wa mtaa wa pili akafa. Usiku wa tisa wa rozari yake walikuwepo wote, na kahawa, na mikate ya sukari. Nilisimuliwa baadaye na kila mmoja wao, na kila mmoja alijifanya ndiye aliyegundua.

Bi Casimira alipumua katikati ya sala akasema, "Mungu anipe uzima niione keki yangu."

"Keki yako ipi?" Delfina akauliza.

"Ya Osmar na Yareli. Mimi ndiye mama wa keki."

"Mama wa keki ni mimi!"

Shangazi Obdulia, aliyekuwa mbele anaongoza, akakatisha Salamu Maria. Hakugeuka. Akasema tu, "Basi tumekuwa watatu," kisha akaendelea na sala, maana marehemu hakuwa na kosa.

Kesho yake asubuhi Mama Eduviges akaja.

Huyu ni mama mzazi wa Osmar. Huuza maandazi na burito, chapati zilizokunjwa na maharage, kwenye lango la kiwanda tangu alfajiri, na sijawahi kumwona ameketi. Alifika na mwavuli wa jua, akasimama pale mlango ulipokuwa kabla hatujauuza.

"Hodi," akasema.

Tulikuwa tumelala chali, tumevaa chupi tu, kwa ajili ya joto.

"Keki ngapi?" akauliza.

"Mama, ngoja nikueleze."

"Nimeuliza keki ngapi, Osmar."

"Tatu."

"Basi zitapangwa moja juu ya nyingine. Nimeshaongea na padri. Ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane."

Osmar akacheka. Mama yake hakucheka, na kicheko cha mwanawe kikaisha chenyewe.

"Mama, sisi tulikuwa tu..."

"Mlikuwa tu nini? Mlipiga goti au hamkupiga?"

"Tulipiga."

"Mtu akipiga goti mbele ya shangazi yake, anainuka na mke. Vaa suruali. Na wewe, Yareli, beba nguo zako kama bado unazo. Utalala kwa Obdulia mpaka siku ya harusi. Bibi harusi halali nyumba moja na bwana wake."

"Mama, tumelala nyumba moja miaka yote hii," nikasema.

"Mungu aligeuka upande. Sasa amegeuka huku."

Hivyo ndivyo wezi wawili walivyoibiwa. Tulitaka harusi isiyokuwepo, tukapewa iliyokuwepo, na padri akatusamehe hata masomo ya ndoa.

Hapa ndipo mtanidharau zaidi, na mnidharau tu: nilianza kuitaka.

Ilianza na gauni. Shangazi Obdulia alilishona mwenyewe, usiku mmoja kipande, usiku mwingine kipande. Alinipima kifua, akapunguza kitambaa, akanipima tena. Mikono ya gauni aliifanya mirefu mpaka kwenye vidole.

"Mwezi wa nane, shangazi? Nitakufa kwa joto."

"Utakufa umesitirika," akasema.

Nilijiona kwenye kioo chake. Ndani ya nguo ile hakukuwa na teja. Kulikuwa na msichana mwembamba anayeolewa. Nikajiambia, Yareli, kwa nini isiwe kweli? Nitaacha. Nitafika pale mbele nikiwa safi, na Osmar akiwa safi, na hawa wanawake watakula keki yao kwa haki.

Msicheke. Au chekeni.

Kila jioni Osmar alikuja dirishani kwa uani, akanipitishia fungu langu katikati ya nondo, limefungwa kwenye karatasi ya peremende. Kila jioni nilisema leo ni nusu. Siku moja nilikataa kabisa.

"Sitaki. Nenda nalo."

"Una uhakika, mke wangu?"

"Nina uhakika. Nenda!"

Akaenda. Nilikaa kitandani najiona mtakatifu. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimening'inia kwenye nondo namwita mtaa mzima usikie, "Osmar! Osmar, rudi!" Alikuwa hajaondoka. Alikuwa ameketi chini ya dirisha, ameegemea ukuta, amenyoosha mguu.

Ule mguu ndio nataka muukumbuke.

Ulikuwa mguu wa kulia, juu kidogo ya kifundo, alipokuwa akijichoma sindano baada ya mishipa ya mikono kukataa. Kidonda kilikuwa kimevimba, cheusi pembeni, na harufu yake niliisikia kabla sijamwona. Alikifunika kwa suruali na mafuta ya nywele.

"Nenda hospitali, Osmar."

"Baada ya harusi."

"Utakatwa huo mguu."

"Wa kucheza muziki ni huu mwingine," akasema, akanikonyeza.

Nikacheka, nikapokea karatasi yangu. Mtu aliyetaka aende hospitali na mtu aliyepokea karatasi alikuwa mimi yule yule, wala hatukuoneana aibu.

Asubuhi ya harusi Shangazi Obdulia alinivisha mwenyewe. Nilikuwa nimeamka na arosto, natapika kwenye ndoo huku nimeshasukwa nywele. Alinishikia kichwa. Kisha akanifuta mdomo, akafunga mlango wa chumba, akavua miwani.

"Mwanangu, leo watamchukua."

"Nani atachukua nani?"

"Osmar. Watu wa soba wako kanisani. Wamevaa mashati mapya, watakaa nyuma kama wageni. Akishasema ndiyo, wanafunga milango."

Nilisimama. Gauni lilikuwa bado halijafungwa mgongoni.

"Ninyi ni watu wa aina gani?" nikasema. "Harusini? Mbele ya altare?"

"Ungependa tumkamate wapi? Kwenye mapaa? Amewaruka mara mbili. Kanisani ndipo mahali pekee atakapokuja ameoga na kusimama tuli."

"Hilario alikufa mle ndani!"

"Na huyu atakufa nje. Nimeuona mguu. Nimezika mume kwa sukari, mwanangu, najua nyama ikioza inanukaje. Kule wana daktari anayekuja. Hapa ana wewe."

Hilo la mwisho alilisema taratibu, bila kunitukana, na ndiyo maana sijalisahau.

"Tuliapa," nikasema. "Mimi na yeye. Tuliapa kwamba..."

"Mliapa!" Akacheka, mara ya kwanza tangu nihamie kwake. "Huyo mwanamume aliapa kwangu kwa kaburi ambalo halijachimbwa. Viapo vyenu ni vya kuuzia sokoni. Geuka nikufunge vifungo."

Nikageuka.

"Kwa nini unaniambia?" nikauliza nikiwa nimempa mgongo.

"Ili usije ukapiga kelele, akashtuka, akakimbia. Shikilia mkono wake tu. Hilo tu tunakuomba."

"Na mimi? Mimi mtanifanya nini?"

"Wewe utabaki na mimi hapa," akasema, akakaza kifungo cha juu.

Sasa nataka kuwaambia ukweli, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa na gazeti hili. Njia nzima ya kwenda kanisani, ndani ya gari la kukodi lenye riboni, sikuwa nawaza Osmar ataponaje. Nilikuwa nawaza kwamba wakimchukua yeye, nani ataniletea karatasi ya peremende. Niliwaza hilo kwanza. Mguu niliuwaza wa pili, na kiapo kilikuja cha tatu.

Lakini nilinyamaza. Kama ilikuwa kwa sababu nzuri au mbaya, sikujua, na mpaka leo nawaogopa wanaojua sababu zao.

Kanisani mama watatu wa keki walikaa benchi la mbele, kila mmoja na ua kifuani, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Keki yenyewe ilikuwa ukumbini, ghorofa tatu, rangi tatu, maana hakuna aliyekubali kuacha rangi yake. Wanaume wanne walikuwa benchi la nyuma. Shingo za mashati yao zilikuwa hazitoshi.

Mama Eduviges alisimama. Mabenchi yalikuwa tele, naye akasimama.

Osmar alikuwa pale mbele na suti ya kuazima. Amenyolewa, amechanwa nywele, jasho linamtiririka kana kwamba amemwagiwa maji. Nilipofika akanishika mkono. Akanitazama usoni, akaanza kulia.

Nikadhani ni mapenzi. Mnaona nilivyo mjinga? Hata siku ile.

"Unatetemeka," nikamnong'oneza.

"Wewe pia."

"Mguu vipi?"

"Upo."

Padri alikuwa mzee, mchangamfu, na hakuna aliyemwambia lolote. Alitoa mahubiri juu ya uaminifu. Alisema mume na mke ni kama milango miwili ya nyumba moja. Osmar alipumua kwa nguvu puani, na kwa kuwa namjua nilijua anazuia kicheko, na mimi kikanipanda, na kwa muda mfupi tu tulikuwa tena wawili dhidi ya wote. Nilitaka kumwambia pale pale. Midomo nilishaifungua.

"Osmar," padri akasema, "unamkubali Yareli awe mke wako, kwa raha na kwa shida, katika ugonjwa na katika afya?"

"Ndiyo," Osmar akajibu haraka sana, kama mtu anayemeza dawa chungu. Kisha akaniinamia sikioni.

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Mama amesema ni kwa miezi michache tu. Amesema kule kwa wanawake hawapigi. Nitakuja kila Jumapili, nakuapia."

"Kule wapi?"

Alikuwa ananibana vidole.

"Osmar. Kule wapi?"

"Wanakuchukua, mke wangu. Leo. Nimekubali kwa sababu umebaki mifupa. Siwezi kukuzika mimi."

Nikamtazama. Nikasikia mguno unatoka kooni mwangu, si kilio wala kicheko.

"Wewe ndiye wanayemchukua," nikasema.

"Mimi?"

"Shangazi yako ameniambia. Asubuhi, akinivisha."

"Ukanyamaza?"

"Na wewe umejua tangu lini?"

Akatazama viatu vyake. Havikuwa vyake, vilikuwa vya kuazima.

"Tangu siku ile mama alipotutoa nyumbani."

Kumbe jioni zote zile! Kila jioni alipokuja dirishani kunipitishia karatasi, alikuwa anajua. Aliketi chini ya ukuta na mguu wake unanuka, amenitoa tayari, akisubiri nimwite arudi. Nilitaka kumtemea mate. Lakini mimi nilimtoa kwa asubuhi moja, tena nikiwaza nani ataniletea unga, kwa hiyo mate nikayameza.

Nikageuza kichwa. Mama Eduviges alikuwa ametukazia macho. Hakuwa analia. Yule mwanamke anayeuza burito langoni, ambaye hakusoma zaidi ya kuandika jina lake, alikuwa ametusoma sisi wote wawili. Alijua tukiambiwa ukweli tutapanda mapaa. Alijua pia kwamba kila mmoja wetu angekuja kwa miguu yake, ameoga, mradi aamini anayekamatwa ni mwenzake.

Nyuma, milango mikubwa ilifungwa. Watu wakageuka. Wanaume wanne walikuwa wanakuja katikati ya mabenchi, wawili upande huu, wawili upande ule, wakisema "samahani, samahani" kwa adabu.

"Yareli." Sauti ya Osmar ilikuwa imebadilika. "Mlango wa sakristia uko wazi. Nyuma ya padri. Unauona?"

"Nauona."

"Tukimbie. Nishike kiunoni, mguu hautanibeba peke yake."

"Na ukishatoka?"

"Nikishatoka nini? Tutakuwa nje! Wote wawili! Nishike!"

Aliweka mkono wake begani kwangu na uzito wake wote ukaja juu yangu, na harufu ya mguu ikapanda kutoka chini ya suti. Ilikuwa kali kuliko uvumba. Bi Casimira kwenye benchi la mbele aliziba pua kwa leso yake.

Padri alitutazama, akawatazama wanaume, akatutazama tena. Mzee wa watu, alifanya alichokijua. Alirudia swali.

"Na wewe, Yareli? Unamkubali Osmar awe mume wako?"

"Sasa!" Osmar akasema. "Sasa, Yareli!"

"Ndiyo," nikamwambia padri.

Kisha nikaketi. Na gauni langu lote, na mikono yake mirefu, nikaketi sakafuni mbele ya altare kama mtoto aliyenyimwa kitu dukani. Mkono wa mume wangu nilikuwa nao bado. Nikaukamata kwa mikono yangu miwili.

"Unafanya nini? Inuka!"

"Mguu utakuua."

"Wanatuchukua wote wawili, mjinga wewe! Inuka!"

"Watuchukue."

"Niachie!"

Alivuta. Hakuwa na nguvu, na mimi sikuwa nazo, tulikuwa mateja wawili tunavutana kama watoto wanaogombea kamba. Delfina akapiga yowe. Wanaume walikuwa wamefika ngazi ya kwanza. Osmar akatazama mlango wa sakristia, akanitazama mimi, na uso wake ukalainika ghafla. Akainama. Nikadhani anakuja kunibusu.

Akaniuma mkono.

Aliuma kama mbwa, kwa meno yote, akitikisa kichwa. Nilisikia kitambaa cha Shangazi Obdulia kinachanika, na damu ikaanza kuingia ndani ya gauni mpaka kwenye kiwiko. Mtu nyuma yangu alinishika mabega. Mwingine alikuwa ananyoosha mkono kumfikia Osmar, bado hajamfikia, na meno yalikuwa yanazidi kuzama, na mimi nilikuwa sijaachia.